Grafu ya molekuli na nambari ya Wiener

Grafu inayozungumziwa hapa si ile ya karatasi ya miraba yenye mhimili wa X na Y. Ni nukta kadhaa na mistari inayoziunganisha, basi. Mstari uwe mrefu au mfupi, umepinda au umenyooka, hayo hayahesabiwi. Swali ni moja tu: nani kaungana na nani?

Chukua Mombasa. Weka nukta nne: Kisiwani, Nyali, Changamwe, na Likoni ikisimama badala ya kusini nzima. Daraja la Nyali ni mstari, barabara ya Makupa ni mstari, feri ni mstari. Likoni hadi Nyali ni hatua mbili, kwa kuwa lazima upitie Kisiwani. Sasa futa majina, uandike kaboni penye kila nukta. Umeshachora isobutani, ndugu wa butani iliyomo katika gesi ya mtungi wa kupikia.

Atomu ndizo nukta, bondi, yaani viungo vinavyoshikanisha atomu, ndizo mistari. Hidrojeni kwa kawaida huachwa nje, maana kaboni ina mikono minne na iliyobaki wazi hujulikana kuwa imeshikwa na hidrojeni. Jambo moja la kuangalia: ukiamua kuziacha, ziache zote. Mchoro wenye hidrojeni chache za hapa na pale huharibu kila hesabu inayofuata.

Butani ya kawaida nayo ina kaboni nne na hidrojeni kumi, ila kaboni zake zimepanga foleni. Fomula C4H10 haikuonyeshi tofauti hiyo; grafu inakuonyesha, na unaweza hata kuipa nambari. Mwaka 1947 mwanakemia Harry Wiener alitumia hesabu ambayo leo inaitwa kwa jina lake: chukua kila jozi ya nukta, hesabu hatua za njia fupi kabisa kati yake, kisha jumlisha. Kwenye foleni ya nne, jozi tatu ziko hatua moja, mbili ziko hatua mbili, moja iko hatua tatu: 3 + 4 + 3 = 10. Kwa isobutani, jozi tatu za hatua moja na tatu za hatua mbili: 3 + 6 = 9. Butani huchemka kwenye nyuzi −0.5 za Selsiasi, isobutani kwenye −11.7. Molekuli iliyonyooka hugusana na mwenzake kwa eneo kubwa, hivyo kuwatenganisha kunataka joto zaidi. Iliyojikusanya huachia mapema.

Kuna njia ya mkato. Kata bondi moja, hesabu kaboni za kila upande, zidisha, halafu fanya vivyo hivyo kwa kila bondi na ujumlishe. Butani: 1×3, 2×2, 3×1, jumla 10. Lakini mkato huu ni wa molekuli zisizo na pete, yaani mzunguko wa atomu. Rudi kwenye ramani, uongeze barabara ya Dongo Kundu inayounganisha kusini (Likoni) na magharibi (Changamwe) bila kuingia Kisiwani: sasa kuna mzunguko, na ukikata mstari mmoja wa mzunguko hakuna kinachotengana. Hapo hesabu jozi kwa jozi, utapata 8. Kujua pete ni ngapi ni rahisi: mistari toa nukta, ongeza moja. Eujenoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake, ina nukta 12 na mistari 12, kwa hiyo pete ni moja.

Grafu ya namna hii ina upofu wake. Bondi mbili kati ya atomu zilezile huhesabiwa kama mstari mmoja, usipoziwekea alama. Molekuli zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto haizitofautishi kabisa: kavoni, kemikali yenye harufu, ya aina moja hunukia mnanaa, pacha wake wa kwenye kioo hunukia kisibiti, na grafu zao ni ileile.

Kosa ambalo wengi huliingia ni kudhani nambari ikilingana basi molekuli ni moja. Kwa kaboni saba, 3-ethilipentani (kaboni moja katikati yenye matawi matatu ya kaboni mbilimbili) na 2,4-dimethilipentani (foleni ya tano, ya pili na ya nne zikibeba kaboni moja moja pembeni) zote zina 48, ilhali ya kwanza huchemka karibu na nyuzi 93 na ya pili karibu na 80. Wiener hakuitegemea jumla hiyo peke yake. Katika mlinganyo wake aliweka pia nambari ya pili, idadi ya jozi zilizo hatua tatu hasa. Zihesabu kwa kidole kwenye mchoro: ya kwanza inazo 6, ya pili 4.