Taka za jengo la wapangaji wengi: anzia kwenye makombo

Nikiitwa kukagua jengo la biashara hapa Dar es Salaam, mkataba wa kampuni ya taka nausoma baadaye. Kwanza nauliza mgahawa uko ghorofa ya ngapi na makombo yake yanashukaje, maana hapo ndipo mambo huharibikia. Maboksi ya maduka ya chini, karatasi za ofisini na chupa za maji vyote vina mnunuzi, mradi viwe vikavu. Vikimwagiwa mchuzi wa maharage hakuna wa kuvigusa. Boksi lililolowa mnunuzi ama analikataa, ama anakata kilo palepale kwenye mzani.

Kwa hiyo kila ghorofa naweka mapipa mawili tu: taka mbichi na taka kavu. Wapo wanaopenda mapipa manne ya rangi rangi, na siku ya kuyazindua kweli yanapendeza. Lakini mpangaji mwenye haraka hasomi kibandiko. Kuchambua chupa na karatasi ni kazi ya chumba cha taka kule chini, ifanywe na watu wanaolipwa kuifanya.

Makombo yana uzito ambao wengi hawautarajii. Pipa la magurudumu la lita 240 kwa kawaida limeundwa kubeba kilo 96. Ukilijaza wali, maganda na supu mpaka juu, linaweza kupita kilo 100, na mama wa usafi hawezi kulivuta peke yake kwenye mteremko wa maegesho. Mimi napiga mstari wa rangi katikati ya pipa: ukifika hapo, linashushwa. Na lishuke mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na wakati wa kufunga, kwa lifti ya mizigo. Kwa joto letu, makombo yakilala usiku mmoja, asubuhi simu ya malalamiko inakuwahi mlangoni. Wafugaji wa nguruwe huyachukua kwa furaha yasipokuwa na plastiki wala vijiti vya meno. Ila mwenye mgahawa akiwa Mwislamu, muulize kwanza. Wengine hawataki makombo yao yaende huko, na ni haki yao.

Ugomvi mkubwa kabisa huwa ni hela ya maboksi. Mlinzi anaidai, mfanya usafi anaidai, na mwenye duka naye anakumbuka kwamba boksi lilikuwa lake. Msimamo wangu haujabadilika: kilo ziandikwe kwenye daftari mbele ya mnunuzi, hela igawanywe kwa wafanya usafi mwisho wa mwezi, uongozi usichukue hata shilingi. Jengo linafaidika kwingine. Boksi lisilokunjwa limejaa hewa, na kampuni inayotoza kwa safari inakutoza hewa hiyo. Anayelipwa kwa kilo hahitaji kukumbushwa kukunja.

Ada nayo isigawanywe kwa mita za mraba peke yake. Ofisi ya mawakili iliyochukua ghorofa nzima hutoa karatasi na vikombe vya chai, wakati duka la chipsi la chumba kimoja linajaza pipa kabla ya jua kuzama. Mgahawa naupa mstari wake kwenye ankara ya huduma, na kiasi kinafuata idadi ya mapipa. Watanung'unika mwezi wa kwanza.

Masika, kati ya Machi na Mei, gari la taka huchelewa. Foleni, mafuriko, matope ya njia ya dampo la Pugu. Basi chumba cha taka kiwe na nafasi ya siku mbili zaidi, bomba la maji, sakafu inayoelekea kwenye mfereji, na wavu mgumu wa kuzuia panya.

Kliniki ya meno ikiwemo jengoni, sindano na pamba zenye damu zisifike kabisa kwenye chumba hicho. Zikae kwenye sanduku gumu la sindano na mifuko yake maalumu humohumo kliniki, zichukuliwe na mkusanyaji mwenye kibali, na nakala ya risiti ije kwako kila mara. Taa za mirija za fluoresenti (si za LED) zilizoungua zina zebaki, hivyo fundi umeme azirudishe nzima kwenye maboksi ya zile mpya na kuzifungia stoo mpaka apatikane wa kuzipokea.