Lea Salonga: sauti ya shoo nane kwa wiki

Mi nafundisha watu kuimba, na mwanafunzi mpya akiniuliza aanze kumsikiliza nani huwa namtajia Lea Salonga wa Ufilipino. Wengi jina hawalijui ila sauti washaisikia, maana Jasmine kwenye katuni ya Aladdin ya 1992 akiimba ni yeye, na Mulan wa 1998 akiimba ni yeye pia, kuongea ndo waliongea wengine.

Huyu dada hakutokea studio. Alipanda jukwaani Manila 1978 akiwa na miaka 7, na kundi la Repertory Philippines, 1980 akawa Annie mwenyewe kwenye igizo la Annie, mwaka uliofuata akatoa albamu, Small Voice. Jukwaa la maigizo linakulazimisha neno lifike mpaka kwa aliyekaa siti ya mwisho, na hicho mpaka leo unakisikia kwake, hamezi hata silabi moja.

1988 watu wa London wakaja Manila kutafuta binti wa kuigiza Kim, mhusika mkuu wa igizo la nyimbo la Miss Saigon. Yeye wakati huo anataka udaktari, kumbe njia nyingine ilishamsubiri. Septemba 1989 onyesho likafunguliwa ukumbi wa Drury Lane, London, akiwa na miaka 18, akabeba Olivier, tuzo kubwa ya maigizo Uingereza, 1991 wakahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, akachukua Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, mwanamke wa kwanza wa Kiasia kuipata. Na chama cha waigizaji Marekani kilikuwa kimempinga kwa sababu si raia wao, ikabidi msuluhishi aamue!

Sasa ile nafasi ya Kim ni balaa. Igizo zima karibu lote linaimbwa, hakuna pa kupumzisha koo kwa kuongea, na kwa kawaida shoo ni nane kwa wiki, ndo maana London Monique Wilson alikuwa anampokea baadhi ya siku. Sikiliza wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, anaanza chini kama anaongea na mtoto, halafu anapanda taratibu akichanganya sauti nzito ya kifua na nyepesi ya kichwa, huwezi kusema ni wapi amebadilisha, na madoido hamna kabisa. Vijana wangu wanapenda kuzungushazungusha noti kila mahali, nawaambia ukiimba hivyo Jumanne, Ijumaa utakuwa huna sauti.

1993 akaimba nafasi ya Éponine kwenye igizo la Les Misérables hapo hapo Broadway, Mwasia wa kwanza kwenye nafasi hiyo, 2007 akarudi kwenye igizo hilohilo kama Fantine. Kwangu hicho ni kikubwa kuliko hata Tony, kwa sababu kuna sauti nyingi nzuri za miaka 20 ambazo zikifika 35 zimeshachakaa. Yeye 2023 alikuwa kwenye igizo la Here Lies Love, stori ya Imelda Marcos, mke wa rais wa zamani wa Ufilipino, waigizaji wote wenye asili ya Ufilipino, na safari hii alikuwa mmoja wa maprodyuza pia.