Kikhmer: tazama konsonanti kabla ya irabu

Kikhmer ni lugha rasmi ya Kambodia, na husemwa pia kwenye delta ya mto Mekong huko Vietnam na katika mkoa wa Surin, Thailand. Hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, tofauti na Kithai na Kivietnam. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala njeo: "khnhom nham bay" ni nakula wali, au nilikula wali; muktadha ndio huamua. Kazi iko kwenye maandishi.

Asili yake ni hati ya Pallava ya India Kusini, na jiwe la Angkor Borei lenye maandishi ya Kikhmer ni la mwaka 611. Siku hizi hutumika konsonanti 33, zilizogawanyika makundi mawili. Herufi ក na គ zote ni "k". Kwa nini mbili? Ni kwa sababu ya irabu. Alama ា ikifuata ក husomwa "kaa". Ikifuata គ husomwa "kie". Kwa hiyo anayekariri chati ya irabu peke yake anapoteza muda: kariri kila konsonanti pamoja na kundi lake.

Chukua jina la lugha yenyewe, ខ្មែរ. Konsonanti ya kwanza ni ខ, "kh". Chini yake imening'inia "m" iliyopunguzwa umbo. Wakhmer huiita cheung aksar, mguu wa herufi. Irabu ែ imechorwa kushoto kabisa, ingawa hutamkwa baada ya konsonanti zote mbili. "Kh" na "m" ni za makundi tofauti, na hapa "kh" ndiyo inayotawala irabu. "R" ya mwisho haisikiki kwenye matamshi ya kawaida, hivyo utasikia "khmae".

Kwenye kompyuta fuata mpangilio wa sauti, usifuate jicho: ខ, alama ya mguu (msimbo wake wa Unicode ni U+17D2), ម, ែ, kisha រ. Ukianza na ែ kwa kuwa ndiyo unayoiona kwanza, itatokea duara la nukta nukta. Tena, maneno hayatenganishwi kwa nafasi. Nafasi huwekwa kati ya vifungu. Programu isiyo na kamusi ya Kikhmer haijui pa kukata mstari, ndiyo maana wachapaji huingiza nafasi isiyoonekana (U+200B) kati ya maneno.

Hesabu ni nyepesi zaidi. Baada ya tano, pram, unaongeza tu: sita ni pram muoy, "tano moja", tisa ni pram buon. Neno jipya linarudi kwenye kumi, dap.