Ukiacha maziwa, si lazima ununue ya lozi

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: asiyekunywa maziwa ya ng'ombe lazima anunue ya lozi, hata kama ni ghali, la sivyo mifupa itakwisha. Si kweli. Mifupa inahitaji kalsiamu, nayo imo kwenye maharage, kabichi, ufuta na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. (Spinachi inayo pia, ila mwili huifyonza kidogo tu.)

Geuza pakiti usome nyuma. Maziwa ya ng'ombe yana takribani miligramu 120 za kalsiamu kwa mililita 100. Ya lozi yasiyoongezwa kalsiamu huwa nayo kidogo sana. Kinachochanganya ni jina, kwani yote huitwa maziwa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.