Je, wajua kwa nini wembe wa bapa moja hunyoa vizuri mkono ukiwa mwepesi?

Wembe wa plastiki wenye bapa moja la chuma umechafuliwa jina. Husemwa kwamba unakwaruza, unaacha ndevu vipandevipande shavuni na kuiacha shingo ikiwasha hadi jioni. Yanayosemwa ni kweli kwa wengi, ila chanzo chake mara nyingi si ubutu wa chuma. Wembe mpya wa bei ya chini ni mkali wa kutosha kunyoa uso wowote. Tatizo ni kwamba unashikwa na kukandamizwa kama ule wa mabapa matatu au matano, ilhali ni chombo cha aina nyingine.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, waliojinyoa wenyewe walitumia ukingo mmoja kwa wakati mmoja. King Camp Gillette alipata hataza nchini Marekani mwaka 1904 kwa kifaa chake chenye wembe mwembamba wa kubadilishwa. Wembe huo ulikuwa na makali pande mbili, lakini uliogusa uso ni upande mmoja tu. Kichwa chenye mabapa mawili yaliyofuatana, Trac II, kiliingia sokoni mwaka 1971. Mwaka 1998 mabapa yakawa matatu, na mwaka 2006 yakafika matano. Katikati ya mbio hizo, mwaka 1975, kampuni ya Bic ilileta wembe wa kutupa wenye bapa moja, na wembe wa namna hiyo ungali unauzwa hadi leo.

Mabapa ya ziada yana kazi gani basi? Bapa la kwanza linapokata udevu, huuvuta kidogo kutoka ndani ya ngozi. Kabla udevu haujarudi mahali pake, bapa la pili linaufikia na kuukata tena, chini zaidi. Ukisharudi, ncha yake inaweza kuzama chini ya uso wa ngozi. Hapo ndipo ule ulaini wa shavu baada ya kupitisha wembe mara moja tu unapotoka. Bapa moja haliwezi kufanya hivyo. Linakata udevu pale linapoukuta, usawa wa ngozi au juu yake kidogo, kisha linapita.

Huo unaoitwa udhaifu, kwa watu wengi ni neema. Mwenye ndevu za kujikunja anajua vile vipele vigumu vinavyoota shingoni na chini ya taya siku mbili tatu baada ya kunyoa. Udevu uliokatwa chini ya ngozi huota ukiwa umepinda, na badala ya kutokea kwenye tundu lake hutoboa ukuta wa tundu hilo. Mwingine hutoka nje, ukajikunja na kuchoma ngozi ya jirani. Mwili huupokea kama mwiba: panavimba, panauma, wakati mwingine panatunga usaha, na panapopona hubaki doa jeusi. Kadiri udevu unavyojikunja ndivyo hatari inavyozidi, na kwa hiyo tatizo hili huwasumbua zaidi watu wenye asili ya Kiafrika. Madaktari wa ngozi huwashauri wengi wao watumie bapa moja na wasitafute kunyoa hadi mzizini. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuuheshimu wembe huu, kuliko hata bei yake. Uso usio na kidonda una thamani kuliko shavu linaloteleza kwa saa chache.

Ili ukate vizuri, kazi ianze kwenye maji. Udevu umejengwa kwa keratini, aina ya protini ngumu, na ukiwa mkavu ni mgumu na mkaidi. Maji yakiingia ndani yake hulegeza vifungo vinavyoshikanisha keratini, udevu ukavimba na kulainika, na nguvu ya kuukata ikapungua sana. Lakini maji hayaingii papo hapo, tena mafuta ya ngozi yanaufunika udevu na kuyazuia. Kwa hiyo osha uso kwa sabuni kwanza, kisha uache umelowa kwa dakika mbili au tatu. Maji ya uvuguvugu huharakisha jambo hili. Wakati ulio bora kuliko wote ni mara baada ya kuoga. Wengi huruka hatua hii kwa sababu wembe wa mabapa mengi huwasamehe, lakini wa bapa moja hausamehi.

Povu nalo si pambo. Linayashikilia maji yasikauke juu ya ndevu na kuweka utelezi kati ya chuma na ngozi. Krimu ya kunyolea ni nzuri, na sabuni iliyosuguliwa kwa brashi hadi ikatoa povu zito lenye maji inatosha vilevile. Povu jepesi linalokauka kabla hujamaliza shavu la pili halikusaidii.

Sasa mkono. Ukitazama kichwa cha wembe kwa karibu utaona sehemu tatu: kizuizi cha plastiki kinachotangulia mbele, ukingo wa chuma, na kifuniko nyuma yake. Kizuizi na kifuniko vinatakiwa viguse ngozi kwa pamoja, na ukingo utajikuta katikati yake kwenye mwelekeo ambao aliyeubuni aliukusudia. Nyembe nyingi za bei nafuu zina kichwa kisichochezacheza, kwa hiyo pembe hiyo ni juu ya kifundo cha mkono wako. Weka kichwa shavuni na ujaribu kwa kusogeza mpini polepole, juu na chini, huku ukivuta kidogo sana. Mpini ukiinuka mno kutoka usoni, kifuniko pekee kinagusa na wembe unateleza bila kukata. Ukiinama mno kuelekea usoni, ukingo unasimama na kukwangua. Kati ya hapo kuna mahali ambapo ndevu zinakatika kwa sauti ndogo ya mkwaruzo. Isikilize sauti hiyo, maana inakuambia kuhusu pembe mambo ambayo kioo hakiwezi kukuonyesha. Kwenye kidevu na taya, uso unapopinda, mpini nao lazima upinde kuufuata.

Kosa linalomwaga damu kuliko yote ni kukandamiza. Ngozi ni laini. Ukiikandamiza, hubinuka na kuingia kwenye nafasi iliyo kati ya kizuizi na ukingo, ikakutana na makali kabla ya ndevu. Penye mabapa matano, uzito wa mkono hugawanyika na nafasi za katikati ni nyembamba, kwa hiyo ngozi haipati pa kuinukia. Penye bapa moja, uzito wote uko juu ya ukingo mmoja. Shika mpini kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, na uache uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi. Vuta kwa hatua fupi, sentimita mbili au tatu, kisha suuza. Hapa bapa moja linashinda waziwazi: hakuna uwazi kati ya mabapa wa kunasa vipande vya ndevu na povu. Ndevu za siku kadhaa, ambazo huziba kichwa cha mabapa mengi baada ya mivuto michache, hapa zinaoshwa mara moja.

Usidai kila kitu mara ya kwanza. Pitisha wembe kufuata uelekeo wa ndevu, na zikibaki fupi fupi, ziache zibaki. Suuza uso, paka povu upya, kisha pitisha tena kwa kukata ubavu, yaani kutoka sikioni kuelekea puani au kinyume chake. Wenye ngozi shupavu na ndevu zilizonyooka wanaweza kuongeza mara ya tatu kwenda kinyume kabisa cha uelekeo. Mwenye kuota vipele asiende kinyume, wala asiivute ngozi ikakaza, kwa sababu ngozi ikiachiliwa hurudi na kumeza ncha za ndevu. Kabla ya yote haya, jua ndevu zako zinaelekea wapi. Ziache zikue siku moja au mbili, upitishe kidole pande zote: panapokwaruza ndipo kinyume. Shingoni usiamini mazoea. Ndevu za hapo mara nyingi zinazunguka, upande mmoja zikienda chini na mwingine zikielekea sikioni, na ndiyo maana hata wanyoaji wazuri hukwaruzika mahali hapo.

Nyembe hizi zinakuwa butu kwa njia inayoshangaza. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele kwa takriban mara 50, basi unywele unawezaje kukishinda? Watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha jibu mwaka 2020. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alijinyoa kwa nyembe za kutupa na kuupiga picha ukingo kwa hadubini ya elektroni baada ya kila kunyoa. Ukingo haukuwa umelika na kuviringika kama ilivyotarajiwa, bali ulikuwa umemeguka vipande vidogo mno hapa na pale. Walipochunguza zaidi waligundua kwamba chuma humeguka pale unywele unapopata nafasi ya kuinama na kukutana na ukingo kwa mshazari, kwenye sehemu ambayo muundo wa ndani wa chuma si sawa pande zote. Ufa mdogo ukianza, wa pili huwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo utajua wembe umekwisha kwa hisia ya kuvutwa, maana ukingo wenye mapengo hung'ang'ania udevu badala ya kuukata. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani kinashauri kuutupa baada ya kunyoa mara tano hadi saba. Ndevu ngumu zinaweza kuumaliza mapema zaidi, na hapo usibishane nao. Ukimaliza kunyoa, usuuze kwa maji yanayotiririka, ukung'ute hewani na kuuweka mahali pakavu. Usiugonge kwenye sinki wala kuufuta kwa taulo, kwani ukingo mwembamba kiasi hicho haustahimili kugongwa. Na usimwazime mtu, hata wa nyumbani, kwa kuwa tone la damu lisiloonekana linatosha kubeba virusi vya homa ya ini.