Sauti nzito pekee haitoshi jamani

Juzi kijana mwingine kanitumia voisi, "kaka mimi nina sauti nzito balaa, nipe mchongo nitangaze jazz." Huyu wa ngapi mwaka huu hata sikumbuki. Na kabla hamjaniuliza tena kama jazz ndo ile ya bendi ya Morogoro Jazz, wale walipiga dansi, hilo jina lisiwachanganye, tuendelee.

Mfano wa vijana hawa siku zote ni Willis Conover, mtangazaji wa Sauti ya Amerika, ile redio ya serikali ya Marekani inayotangaza nje. Sawa, sauti alikuwa nayo. Lakini alianza kipindi chake cha jazz 1955 na akawa nacho mpaka anafariki 1996, sauti peke yake haikufikishi huko. Msikilize vizuri, jamaa haongei sana! Anataja wimbo, anataja nani kashika piano, nani besi, nani dramu, halafu ananyamaza. Na anataja POLEPOLE, neno moja moja kama mtu anahesabu chenji, kwa sababu msikilizaji wake yuko Warsaw au Moscow, Kiingereza cha kuunga unga, redio ya masafa mafupi inakuja inapotea, na santuri zenyewe huko kuzipata ni shughuli, sasa ukilikimbiza jina la mpiga saksafoni ndo ushamnyima hivyo. Mimi nilipoanza nilikuwa naongea juu ya solo za watu, mpaka mzee mmoja akapiga simu studio, "mwanangu, hebu tumsikie na huyu anayepuliza." Niliona aibu wiki nzima.

Halafu kuna wale wa "alikuwa mtumishi wa serikali yule." Hapana. Alifanya kazi kwa mkataba, hakuajiriwa, na aling'ang'ania iwe hivyo ili nyimbo achague mwenyewe. Ila nikiri, hapa huwa nasita kidogo, maana mitambo ililipiwa na serikali na vita baridi ndo ilikuwa sababu, kwa hiyo nikisema ilikuwa ni muziki mtupu najua nazidisha. Na zile hesabu wanazotaja watu, eti alisikilizwa na mamilioni kwa mamilioni, nani alipita nyumba kwa nyumba Moscow kuhesabu?

Kwao Marekani wengi hawakumjua kabisa, sheria ya 1948 ilizuia matangazo yale kwa watu wa nyumbani. Lakini 1959 katua Warsaw, akakuta umati uwanja wa ndege, akadhani wamekuja kumpokea mtu mwingine.

Kijana, nirekodie dakika 3. Taja waliopiga wote, kisha nyamaza.