Mahindi kuwa njano si lazima yanataka urea

Wengi tunaamini mahindi yakianza njano basi mbolea imeisha, ongeza urea. Kuna ukweli, nitrojeni (kirutubisho kilichomo kwenye urea) ikipungua majani ya chini ndo yanaanza, njano inatokea kwenye ncha inaingia katikati kama herufi V. Ila udongo ukikauka mizizi haifyonzi kitu hata mbolea iwepo, maana inasafiri na maji, na urea ukiimwaga juu juu bila kufukia sehemu yake inapotea hewani (ile harufu kali ndo hiyo inaondoka).

Kwa hiyo chimba kwanza karibu na shina, kama sentimita 15, bana udongo mkononi, ukimwagika kama vumbi shida ni maji. Majani yakijikunja mchana jioni yakafunguka ni kiu tu, yakiamkia yamejikunja hapo hali mbaya.